Trekta la Palizi: Kutoka Chicago hadi Kongwa

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Kongwa, Dodoma, Muscat, Toronto na hapa Akalla,

Kamati ya mkutano huu imepokea pendekezo kwamba tuchangishane, tununue trekta la zamani aina ya Massey Ferguson na kulipeleka nyumbani. Kabla ya kura kupigwa, naomba niwaeleze asili ya mashine hiyo, maana inatuhusu kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Matrekta ya mwanzo yalijua kazi moja tu shambani, nayo ni kulima. Fordson, lililoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917, lilivuta plau vizuri, lakini mazao yakishaota halikuweza kuingia shambani bila kuyaponda. Kwa sababu hiyo mkulima wa Marekani aliyekwisha kununua trekta aliendelea kufuga farasi wa kupalilia. Ndipo kampuni ya International Harvester ya Chicago, kwa ubunifu wa mhandisi Bert Benjamin, ilipotoa Farmall mwaka 1924. Tumbo lake liliinuliwa juu ili mimea ipite chini yake. Magurudumu ya mbele yaliwekwa pamoja, yapite katikati ya mistari miwili. Vijembe vya palizi vilifungwa mbele ya dereva, apate kuviona bila kugeuza shingo. Usukani ulipokatwa kabisa, waya ulikaza breki ya gurudumu la ndani, na trekta likageuka mahali padogo mwishoni mwa mstari. (Rangi nyekundu inayojulikana sana ilikuja mwaka 1936, kabla ya hapo Farmall lilikuwa la kijivu.) Kwa ufupi, trekta hili lilibuniwa kwa ajili ya palizi. Jambo hilo ndilo tulilolisahau Afrika Mashariki.

Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alifika hapo kwa njia nyingine. Trekta lake la TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, lilikuwa dogo, lenye uzito wa takribani kilo 1,100. Zana zake hazikukokotwa kwa mnyororo, bali zilishikwa na mikono mitatu ya nyuma na kuinuliwa kwa pampu ya mafuta. Nafasi kati ya magurudumu ilibadilishwa kwa hatua za inchi 4, kutoka inchi 48 hadi 76. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini na matrekta ya aina hiyo mwezi Januari 1958. Hapa Sweden liliitwa Grålle, jina la farasi wa kijivu, na mashamba mengi yalilipokea badala ya farasi mwenyewe. Kutoka stesheni ya Akalla ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Akalla by, kijiji cha kale kilichohifadhiwa kando ya uwanda wa Järvafältet; huko mtu huelewa upesi kwa nini mashine ndogo ilifaa mashamba ya nchi hii.

Sasa turudi kwetu. Kongwa iliyaona matrekta kwa wingi kuanzia mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga uliokusudia zaidi ya ekari milioni 3. Mengi yalikuwa mabaki ya vita, na baadhi ya vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Hayo yalikuwa ya kung'oa miti, si ya kulea mmea. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Kiangazi kilipofika, udongo uliganda kama saruji, na karanga zikakataa kutoka. Mradi uliachwa mwaka 1951, ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36.

Baada ya uhuru lilikuja Massey Ferguson, mrithi wa kampuni ya Ferguson, hasa modeli 35 na 135. Mikono mitatu ilikuwapo, na magurudumu yaliweza kusogezwa. Lakini katika vijiji vingi lilifika na plau tu, wakati mwingine na haro. Lililima, likalipwa, likaenda zake. Mbegu zilimwagwa au kupandwa bila mstari, kisha mvua ikaleta majani katika ekari mbili au tatu zaidi ya zile za zamani. Waliopalilia ni bibi zetu na shangazi zetu, kwa jembe la mkono lilelile. Wanaume walisifiwa kwa shamba kubwa. Mwalimu Nyerere alihimiza plau ya ng'ombe kabla ya trekta, naye alikuwa na hoja. Hata hivyo plau hiyo nayo, isipofuatwa na jembe la kupalilia la ng'ombe, huacha mzigo uleule.

Mimi naliunga mkono pendekezo, kwa masharti. Tusinunue plau peke yake: tununue fremu ya vijembe vya palizi inayoingia katika mikono mitatu, pamoja na mashine ya kupandia. Magurudumu yawekwe sentimita 152, ili yapite nje ya mistari miwili ya mtama iliyoachana sentimita 76. Mistari ipimwe kwa kamba kabla ya mvua. Na ekari zitakazolimwa zipangwe na wale wanaopalilia. Naomba kamati iwaandikie shangazi zetu walioko Kongwa kwanza, kisha ndipo tuulize bei.