Mabawa ya Eropleni: Yalale Nyuma au Mbele?

Katika mazungumzo haya twataka kueleza kwa nini mabawa ya eropleni ziendazo mbio hulala nyuma. Wengi hudhani kwamba bawa la namna hiyo hupingwa na hewa kidogo kuliko lililoelekea mbele. Sivyo hasa.

Eropleni ikaribiapo mwendo wa sauti, yaani kama kilometa 1,225 kwa saa karibu na usawa wa bahari, hewa haiwahi kuipisha. Husongana juu ya mabawa, na ukinzani wake huzidi ghafula. Mwaka 1935, mjini Roma, mtaalamu Mjerumani Adolf Busemann alieleza kwamba katika mwendo uushindao wa sauti, bawa lililolazwa mshazari hupunguza ukinzani huo. Baadaye ilionekana kwamba hufaa hata kabla ya kuufikia mwendo huo. Tufanye hesabu: bawa likilazwa kwa digrii 35, na eropleni ikienda kilometa 1,000 kwa saa, hewa hulikabili bawa kana kwamba mwendo ni kilometa 819 tu.

Hesabu hiyo haichagui upande. Pembe ikiwa moja, nafuu ya mbele na ya nyuma hukaribiana. Tena bawa la mbele lina sifa yake: katika mwendo wa polepole, ncha zake haziishiwi nguvu upesi, na rubani huweza kuiongoza eropleni yake. Kwa ajili hiyo Wajerumani waliunda Junkers Ju 287, ikaruka Agosti 1944.

Basi, mbona halikuenea? Kwa sababu ya nguvu za bawa lenyewe. Bawa lililoelekea mbele likipindwa na hewa, ncha yake huinuka; ikiinuka, hewa huzidi kulipinda, hata livunjike. Lililolala nyuma likipindwa, ncha hupunguza mzigo wake. Kulitia la mbele chuma cha kutosha kungeleta uzito mwingi. Hivyo B-47 na F-86 za Marekani, zilizoruka mwaka 1947, zililaza mabawa nyuma kwa digrii 35.

Jambo hilo lilingoja miaka 40. Tarehe 14 Desemba 1984 Wamarekani waliirusha X-29, yenye mabawa yaliyoelekea mbele, yaliyofunikwa kwa nyuzi za kaboni zilizopangwa ili zizuie kupindika. Mabawa yalihimili; lakini eropleni haikuweza kutulia hewani bila kompyuta kuirekebisha mara 40 kila sekunde.

Twajifunza kwamba haitoshi kuishinda hewa. Sharti bawa lidumu, na rubani arudi salama.