Gari la Moshi la Uvira na Funzo Lake

Vijana wetu wa Kilembwe wadhani kwamba Kivu ya Kusini haijapata kuwa na gari la moshi. Sivyo. Mwaka 1931 ilifunguliwa reli kutoka Uvira, kupitia bonde la Ruzizi, hata Kamanyola; urefu wake ulizidi kidogo kilometa 90. Mwaka 1958 ikafungwa. Kwa nini?

Shabaha ilikuwa kuunganisha maziwa mawili. Lakini Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya bahari, na Ziwa Kivu mita 1,460, na mwinuko mkali waanzia baada ya Kamanyola. Hivyo reli iliishia chini ya mlima. Msafiri wa Bukavu alishuka pale na mizigo yake, akapanda kamioni. Lakini kamioni iliweza kumchukua toka Uvira moja kwa moja. Ya nini basi kupakua na kupakia tena?

Tutazame ng'ambo ya ziwa letu. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, ikapokewa na bandari na meli. Ingali ikifanya kazi. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yaenda Dar es Salaam hata Dodoma, penye mabasi tele, na watu huipanda, maana huwafikisha upesi zaidi.

Basi reli haishindwi na motokari kwa kuwa ni reli. Hushindwa ikimwacha msafiri njiani. Nasi Fizi tukiahidiwa reli, tuulize kwanza: itaishia wapi, na barabara ya Kilembwe kuifikia itatengenezwa na nani? Yule mjenzi wa mnara katika Injili atufundisha kuhesabu kabla ya kuanza.