Migogoro ya Mtu Asiyeandika Kitabu

Shuleni tulifundishwa kwamba hadithi haiendi bila mgogoro: mtu na dola, mtu na jamii, mtu na nafsi yake. Wengi tuliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani tu. Hebu tuyapime kwa maisha ya watu wawili walioonja kambi za mateso za Wanazi.

Wa kwanza ni Elie Wiesel, Myahudi aliyezaliwa Romania mwaka 1928, akanusurika Auschwitz na Buchenwald. Katika kitabu chake La Nuit, yaani Usiku, cha mwaka 1958, mgogoro unaoonekana upesi ni wa mfungwa na watesi wake. Unaouma zaidi umo ndani: kijana anagombana na Mungu wake, tena anaona haya kwa vile baba yake mgonjwa amekuwa mzigo kwake. Tunayajua hayo kwa sababu kayasema mwenyewe.

Wa pili ni wa kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed, baadaye Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Katika vita ileile iliyoizamisha manowari Königsberg hapa delta ya Rufiji, Julai 1915, yeye alikuwa mtoto askari wa Mjerumani. Mwaka 1929 akafika Berlin.

Mgogoro wake na dola ulianza mapema. Alidai mshahara wa vitani, wake na wa baba yake, akanyimwa. Akaomba nishani ya wapiganaji. Akanyimwa pia, kisa weusi wake. Na jamii je? Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka, alioa Mjerumani. Alifundisha Kiswahili chuoni, akahudumu hotelini, akaigiza sinema, hata ile ya mwaka 1941 ya kumsifu Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kizungu. Bila kesi, akatupwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Sasa mgogoro wa nafsi. Jamaa huyu alijitolea mwaka 1939 kuingia jeshi la Hitler, wakakataa. Je, alimwamini Mjerumani kweli, au alitafuta pa kujificha? Mbele ya kamera, katika sinema ya Mkono wa Damu, moyo ulimwambia nini? Hakuna jibu. Maisha yake yamefukuliwa kutoka majalada ya serikali, na jalada huandika dai, jibu na tarehe ya kifo, basi.

Vijana wenzangu, mwaka 2017 Kibiti na Rufiji yetu ilitikiswa na mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Hesabu ya maiti imo tayari katika majalada. Lakini hofu ya mama aliyesikia hatua nje ya mlango usiku, au aibu ya jirani aliyejua akanyamaza, haimo humo. Wenyewe wangali hai. Tuwaendee kwa heshima, tuwasikilize, na anayeweza kushika kalamu aandike yake kwa mkono wake.