Boriti za Rufiji na Kalamu ya Chipukizi

Mashindano ya uandishi yamewafungulia mlango wengi katika fasihi ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58. Mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ukawa kitabu mwaka 1960, na Bwana Msa akaingia majumbani mwetu. Washairi wa Tanzania nao wamepata kuwa na Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein. Insha ya kweli, ile isimuliayo yaliyotukia bila kubuni, haijapata heshima kama hiyo, ijapokuwa Shaaban Robert aliitungia insha kitabu kizima, Kielezo cha Insha, mwaka 1954.

Kwa sababu hiyo nimeazimia, mimi chipukizi wa Maparoni, kushiriki shindano la insha fupi za kweli. Kwetu katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, historia si haba. Haba ni waandishi wake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huu hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Vitabu vimeandikwa juu ya mizinga na maofisa wake. Wenyeji wa mikono hiyo hutajwa kwa kupita tu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905, alipata bahati zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuandika kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mwaka uliofuata, Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia ya Kinjeketile. Sanaa ilimpa uhai mpya, lakini sauti za wazee zilihitaji mtu wa kuziandika kama zilivyo.

Mada yangu ni boriti. Majahazi yalizichukua kutoka Rufiji hadi Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi, zikabeba dari za watu. Hata upana wa chumba katika nyumba za mawe za pwani ulifuata urefu wa boriti. Mgeni huuita msitu wote mikoko. Mwenyeji hutenga mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi na mlilana. Mti ukishakatwa hupata jina jingine kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Haya si mapambo ya lugha. Ni elimu ya watu, na anapoondoka mzee ambaye hajaulizwa, huondoka na sehemu yake.

Insha fupi nayo ina mizani yake: idadi ya maneno haizidishwi, na ukweli haupindwi. Malenga akitafuta kina aweza kuupanda mchu katika ubeti wake; mwandishi wa insha hana ruhusa ya kuuweka mchu mahali palipoota mkandaa. Anayekwama hana budi kurudi kwa wazee na kuuliza tena.

Wahenga walinena, penye miti hapana wajenzi. Boriti zetu zimejenga nyumba za mbali, na habari zetu zimejenga vitabu vya wengine. Tuzo ataipata mmoja. Lakini malenga wenzangu, kila insha itakayopelekwa, ishinde isishinde, itakuwa imeyaweka majina hayo kwenye karatasi, nasi tutakuwa na cha kuwasomea watoto wetu.