Siki Ilitiwa Maji Miaka 2,000, Hii ya Kuipiga Kavu Imetoka Wapi?

Mitandaoni siku hizi kila mtu na chupa yake ya siki ya tufaha. Asubuhi, tumbo tupu, kijiko kimoja, eti gesi inaisha na chakula kinasagika fasta. Wengine hawataki hata maji, wanaipiga kavu kama shoti. Ukirudi kwenye historia, hao wa kavu ndio wageni.

Askari wa Roma ya kale walikuwa na kinywaji chao cha kila siku, posca: siki iliyotiwa maji. Wagiriki waliichanganya na asali wakaifanya dawa. Waajemi nao wana sekanjabin, sharubati ya siki, utamu na mnanaa, ambayo huongezwa maji kabla ya kunywewa.

Mwaka 1958, daktari mmoja wa Vermont, Marekani, alitoa kitabu cha tiba za kijijini kilichouzika sana. Kipimo chake? Vijiko vidogo 2 vya siki, 2 vya asali, ndani ya glasi ya maji. Maji tena!

Sababu ipo. Siki ina asidi, na asidi hula meno na kuunguza koo. Mwaka 2012 madaktari wa meno Uholanzi waliripoti kisa cha binti wa miaka 15 aliyekunywa glasi ya siki ya tufaha kila siku ili apungue. Kilichopungua ni meno yake.

Na tumbo je? Mwaka 2007 watafiti wa Uswidi waliwapa siki hiyo, ikiwa ndani ya maji, wagonjwa 10 wa kisukari ambao matumbo yao tayari yalikuwa mazito kusukuma chakula. Chakula kikazidi kuchelewa. Ni watu wachache, ila hiyo "fasta" inayotangazwa haikuonekana.

Anayetaka kunywa, basi: kijiko kimoja kikubwa kwenye glasi kubwa ya maji, pamoja na chakula. Asukutue mdomo kwa maji, asubiri nusu saa ndipo apige mswaki. Mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kisukari au za kupunguza maji mwilini, amuulize daktari kwanza. Koo likiwaka, aache.

Askari wa Roma hawakuwa na maabara wala intaneti. Lakini maji waliweka.