Jeni ya Kubebesha

Rasimu ya istilahi za saratani inayozungushwa miongoni mwetu imepitisha “mchanganyiko wa jeni” kwa “gene fusion”, na waliokaa kikao cha kuiandaa hawakuona haja ya kumuuliza yeyote aliyewahi kushika kisu cha kitalu. Kuchanganya kumetokana na kuchanga: kila mtu analeta chake, vinakorogwa, mwishowe haijulikani kipi kilitoka wapi. Kundi la pili linang’ang’ania “muungano wa jeni”. Lakini -an- ni kiambishi cha kutendana. Wanaoungana wameafikiana, na kila mmoja anabaki mzima. Hapa hakuna aliyeafiki wala aliyebaki mzima. Jeni mbili zimekatika, kipande cha moja kikanasa kwenye kipande cha nyingine.

Neno tunalo, na wakulima wanalitumia kila msimu: kubebesha. Mzizi ni beb-. -Esh- ni ya kusababisha, nayo imechukua e kwa kufuata irabu ya mzizi, kama wanafunzi wa kidato cha pili wanavyojua na kamati zinavyosahau. Kutoka kumtwika mtu mzigo, neno likaingia kitaluni, ambako shina la mlimau hubebeshwa kikonyo cha mchungwa. Mizizi ya huyu, matunda ya yule. Wapo wanaotaka “kupandikiza”. Hilo limeshachukuliwa na figo.

Tazama ETV6, iliyo kwenye kromosomu ya 12, na NTRK3, iliyo kwenye ya 15. ETV6 ndiyo shina: inatoa swichi ya kuiwasha jeni, pamoja na sehemu inayozishikanisha protini. NTRK3, ambayo kazi yake ya kawaida iko zaidi kwenye neva, inatoa kimeng’enya. Kikishabebeshwa, kimeng’enya hicho hakingoji tena ishara ya nje. Kinaihimiza seli igawanyike mfululizo. Jeni hii ya kubebesha ilielezwa mwaka 1998 katika fibrosakoma ya watoto wachanga. Katika saratani sekretori ya matiti na ya tezi za mate, ubebeshaji wa NTRK3 na ndugu zake huonekana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa. Katika saratani za kawaida za mapafu au utumbo mpana haufiki asilimia 1. Ndiyo maana dawa ya larotrectinib, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2018, hutolewa kwa kufuata jeni, si kiungo ulimoota uvimbe.

Mwanaisimu mmoja, ambaye hajapata kuisifu istilahi asiyoitunga mwenyewe, ananipinga kwamba kubebesha kunataka miti miwili, ilhali EML4 na ALK, zilizogunduliwa pamoja katika saratani ya mapafu mwaka 2007, zote ziko kwenye kromosomu ya 2: kipande kimegeuka tu ndani yake. Sheikh wangu, kwani mti haubebeshwi kikonyo cha tawi lake wenyewe? Anadai tena kuwa litagongana na “mbebaji” wa sikoseli. Mbebaji ni mtu; kinachobebeshwa hapa ni jeni. Atakayeyachanganya hayo mawili asisome ripoti za maabara.

Matumizi, kwa kifupi: “uvimbe una jeni ya kubebesha ETV6::NTRK3”, shina likitangulia, kikonyo kikifuata, tendo lenyewe ni ubebeshaji, na wingi ni jeni za kubebesha.