Furaha Isiyofika Mapumziko

Tarehe 26 Juni 1954, mjini Lausanne, wenyeji Uswisi walipambana na Austria katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Jua lilikuwa kali mno. Katika dakika 19 Uswisi walikwisha kupata mabao matatu, na Austria hawana kitu. Kumbe mbio za sakafuni! Kabla ya mapumziko Austria walitia matano, na mwisho Uswisi wakashindwa 7–5.

Si ajabu mashabiki kuona uchungu. Lakini mwenye uchungu hutafuta wa kulaumiwa; mwanahistoria hutafuta sababu. Jua lile lile lililomdhuru Kurt Schmied, mlinda lango wa Austria, liliwachosha Waswisi pia, na nahodha wao, Roger Bocquet, alicheza akiwa mgonjwa. Basi, tuulize kwanza, ndipo tuhukumu.